Kwa nini joto la harusi ya kisiwani linaangusha watu waliozoea jua kali zaidi?

#1 · Mgeni Mwalikwa
Wakuu, salaam. Nina swali linalonisumbua tangu nirudi harusini.

Tulialikwa kwenye harusi ya ufukweni, kisiwa cha tropiki, ndoa inafungwa jioni jua likizama. Wengi wetu tunaishi bara, mahali ambapo kipimajoto hupanda hadi 36 na watu wanaendelea na shughuli zao. Siku ile kisiwani kilisoma 31. Nyuzi tano pungufu! Lakini kabla viapo havijaisha, shangazi alishaanguka, msimamizi wa bwana harusi akakaa mchangani na suti yake, watoto wamelegea mabegani mwa mama zao. Hawa ni watu wenye afya, jua wanalijua.

Sasa mdogo wangu naye anaolewa kisiwani, na ratiba nimekabidhiwa mimi. Nataka kujua ni nini hasa kilichowaangusha, ili nijue cha kubadilisha. Mimi nashuku mchanga mweupe, ule unaorudisha jua usoni.

#2 · Kipimajoto
Mchanga una sehemu yake ila ni ndogo. Angalia unyevu. Kwa jedwali la idara ya hali ya hewa ya Marekani, nyuzi 31 zenye unyevu wa asilimia 75 mwili unazihisi kama 39. Nyuzi 36 za bara kavu, unyevu asilimia 25, zinahisiwa kama 35. Mlitoka penye joto dogo mkaenda penye joto kubwa, basi. Na jedwali hilo limepigiwa hesabu ya mtu aliye kivulini. Akisimama juani, ongeza hadi nyuzi 8 nyingine.

#3 · Mwalimu wa Fizikia
Nakazia hapo kwa Kipimajoto. Hewa ikikaribia joto la ngozi, kama nyuzi 35, mwili hauwezi tena kulitupa joto nje kwa kuguswa na hewa peke yake. Unabaki na jasho. Gramu moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi inaondoka na jouli zipatazo 2,400, na lita nzima ikikauka ni karibu kilokalori 580. Lakini ni lazima ikauke! Tone linalodondoka kidevuni halijapoza chochote, limekupotezea maji na chumvi bure. Bara kavu mtu hutoka jasho jingi asilione, kwa kuwa linakauka papo hapo. Kisiwani hewa imeshajaa mvuke wa bahari, hivyo jasho linakaa mwilini tu.

#4 · Chuma cha Pua
Mwalimu kamaliza. Ni unyevu. Uzi ufungwe.

#5 · NesiZamu
Usifungwe, tafadhali. Unyevu hauelezi kwa nini shangazi alianguka na waliokaa nyuma hawakuanguka, wakati hewa ni moja. Mgeni, nijibu: alikuwa amesimama? Kwa muda gani? Alipolazwa alizinduka upesi au alibaki akiweweseka?

#6 · Mgeni Mwalikwa
Dada Nesi, ndugu wa karibu tulisimama mbele tangu bi harusi anaingia. Shangazi alilazwa kivulini, akainuliwa miguu, akafumbua macho mara moja na kuanza kuuliza kiatu chake kiko wapi. Msimamizi hakuzimia. Kichwa kilimuuma, akatapika, ngozi ikawa baridi na imelowa.

#7 · NesiZamu
Basi una mambo mawili tofauti, usiyachanganye.

La shangazi: mishipa ya ngozi ilitanuka ili kutoa joto, damu ikajaa miguuni kwa sababu amesimama tuli, presha ikashuka, ubongo ukapungukiwa damu. Askari wa gwaride huanguka hivyohivyo. Misuli ya vigimbi ndiyo inayosukuma damu kurudi juu, na asiyesogeza miguu hana wa kumsukumia. Dawa yake ni viti, kwa kila mtu, mstari wa mbele ukiwemo.

La msimamizi ni uchovu wa joto, maji na chumvi vimepungua mwilini.

Lipo la tatu, mshukuruni Mungu hamkuliona: kiharusi cha joto. Mwili unapita nyuzi 40 na mtu anachanganyikiwa, anaongea maneno yasiyoeleweka au anapata degedege. Huyo anaanza kupozwa hapohapo, kwa kutumbukizwa kwenye maji baridi, au kumwagiwa maji mwili mzima huku akipepewa, kabla hata hamjampakia kwenye chombo. Kisiwani jambo hili lina uzito wa pekee, maana hospitali yenye uwezo inaweza kuwa ng'ambo ya maji.

#8 · Baharia Mstaafu
Vijana mmesema yote mkasahau upepo.

Mchana nchi kavu inapata joto upesi kuliko bahari. Hewa ya juu ya nchi inapanda, ya baharini inaingia kushika nafasi yake. Upepo huo huanza kabla ya adhuhuri, hupata nguvu alasiri, na jua likishuka hufifia. Usiku unageuka, unatoka nchi kavu kwenda baharini. Kati ya kugeuka huko pana shwari, na ninyi mmefungisha ndoa ndani ya shwari! Unyevu ulikuwepo mchana kutwa na hakuna aliyeanguka. Kilichobadilika jioni ni upepo.

#9 · Mwalimu wa Fizikia
Mzee Baharia, shikamoo. Hilo ni kweli kwa kisiwa kikubwa. Kisiwa cha matumbawe chenye upana wa mita mia kadhaa, kama vilivyo vingi vya Maldivi, hakina nchi kavu ya kutosha kuzalisha upepo wake. Pale unategemea upepo wa msimu, nao haujali jua limezama au la. Mleta mada hajasema kisiwa kilikuwa na ukubwa gani.

#10 · Baharia Mstaafu
Marahaba mwalimu. Sikatai, lakini na aseme.

#11 · Mgeni Mwalikwa
Kikubwa, kina milima katikati. Na upepo kweli ulitulia. Mishumaa ya mezani ilikuwa imesimama wima, wapambaji wakafurahi.

#12 · Mpiga Picha wa Jioni
Naona mnakoelekea, mtasema jioni ifutwe. Nisikilizeni na mimi.

Karibu na ikweta jua linashuka wima. Mwanga laini ni mfupi sana, na likishazama giza linaingia ndani ya nusu saa hivi. Mchana jua likiwa utosini, macho ya watu kwenye picha yanakuwa mashimo meusi. Na si picha tu: visiwa vya tropiki kipimo cha mionzi ya jua inayobabua ngozi (UV) hupita 11 wakati wa adhuhuri, na Shirika la Afya Duniani linakiweka hicho kwenye daraja la juu kabisa la hatari. Atakayefungisha ndoa saa saba ili apate upepo wa Mzee Baharia, atapata upepo pamoja na mabega yaliyobabuka. Wingu nalo lisiwadanganye, mionzi mingi inapenya.

Kwa hapo nampa mleta mada haki yake kidogo: mchanga mkavu wa ufukweni unarudisha kama asilimia 15 ya mionzi hiyo, povu la bahari asilimia 25. Ndiyo maana mtu anababuka kidevuni chini akiwa ndani ya mwavuli.

#13 · Chuma cha Pua
Mpiga Picha kajitetea kabla hajaitwa mahakamani 😄

#14 · Fundi Cherehani
Mimi nashona suti na magauni ya harusi. Mnatafuta mchawi mbali, kumbe amevaliwa.

Suti ya kawaida ina kitambaa cha juu, gundi ya kifuani, na bitana. Bitana nyingi ni poliesta, haipitishi mvuke. Chini yake kuna kizibao, shati na fulana. Jasho la Mwalimu linakauka wapi? Gauni la bi harusi ndiyo kabisa: mifupa ya kubana kiuno, tabaka za wavu, utepe juu ya tumbo. Anayebanwa kifuani na kiunoni hata kuvuta pumzi kwa kina hawezi. Mteja akiniambia harusi ni kisiwani namshauri kitani au pamba nyepesi, koti nusu bitana au bila bitana kabisa, shingo wazi. Mara nyingi anakataa kwa sababu kitani kinakunjamana. Nasema kikunjamane! Heri mkunjo kwenye picha kuliko msimamizi mchangani.

#15 · Bibi Arusi Mtarajiwa
Asante fundi. Na wageni wavae nyeupe, si ndiyo? Nyeusi inavuta joto.

#16 · Fundi Cherehani
Watu wanalikariri hilo bila kulipima. Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti kuhusu kwa nini Mabedui huvaa kanzu nyeusi jangwani. Walipima, wakakuta anayevaa nyeusi na anayevaa nyeupe wanapata joto sawa mwilini. Nyeusi ilivuta joto zaidi, lakini lile la ziada likapotea kabla ya kufika kwenye ngozi. Zile ni nguo pana, zinazopitisha hewa kati ya kitambaa na mwili. Upana kwanza, rangi baadaye. Nguo nyeupe iliyobana haimwokoi mtu.

#17 · Kipimajoto
Fundi, jangwani ni kukavu na kuna upepo. Kisiwani kwenye shwari ile hewa ya ndani ya nguo haitoki. Sidhani utafiti huo unahamishika hivihivi.

#18 · Fundi Cherehani
Ndiyo maana nimesema upana. Wewe unavaa nini ukienda?

#19 · Kipimajoto
Shati la kitani, mikono mirefu. Umenishinda hapo.

#20 · Mkimbiaji wa Alfajiri
Naongeza sababu ambayo haijatajwa: miili yenu haikuwa na muda wa kuzoea. Mwili ukiingia kwenye joto jipya unahitaji kama wiki moja hadi mbili. Kiasi cha maji kwenye damu kinaongezeka, jasho linaanza mapema, linakuwa jingi na chumvi yake inapungua. Siku za mwanzo ndizo za hatari. Wageni wa harusi wanafika leo, kesho harusi, kesho kutwa wanaondoka.

Halafu hao waliofika mapema wanakaa wapi? Ndani, kwenye kiyoyozi, kuanzia chumbani hadi ukumbi wa chakula. Mwili unaokaa nyuzi 21 siku nzima hauwezi kuzoea kitu. Mimi nikienda mashindano sehemu za joto natembea nje kila siku asubuhi na jioni mpaka nitokwe jasho, kisha ndiyo napumzika kwenye ubaridi.

#21 · Mgeni Mwalikwa
Sisi wa bara si tumeshazoea joto?

#22 · Mkimbiaji wa Alfajiri
Mmezoea joto kavu. Linasaidia kiasi, halitoshi.

#23 · Mtoto wa Kivuko
Hodi wakuu. Mlifikaje kisiwani, kwa ndege au kwa boti? Nauliza kwa sababu maalumu.

#24 · Mgeni Mwalikwa
Boti. Bahari ilikuwa imechafuka, wengi walikunywa dawa za kichefuchefu, wengine wakabandika ile plasta ya nyuma ya sikio. Shangazi alikuwa nayo. Msimamizi sikumbuki.

#25 · Mtoto wa Kivuko
Nilijua! Ile plasta ina hyoscine, ambayo pia huitwa scopolamine. Kati ya kazi zake ni kukausha: mate yanapungua, na jasho linapungua. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo mwaka 2025 kwamba plasta hiyo inaweza kusababisha joto la mwili kupanda kupita kiasi, hasa kwa watoto na wazee. Na inafanya kazi hadi siku tatu. Watu wanashuka kwenye boti, wanaisahau sikioni, wanaenda nayo harusini. Mwulizeni shangazi kama alikuwa ameitoa.

#26 · Chuma cha Pua
Duh. Hapa ndipo ninapoipendea hii sehemu. Tulisema uzi ufungwe.

#27 · Dada wa Kahawa
Ulisema wewe peke yako.

#28 · NesiZamu
Mtoto wa Kivuko, hoja yako nzito na nimeiandika. Lakini shangazi alizinduka mara tu alipolazwa na kuinuliwa miguu. Hiyo inaelekea kwenye damu kukaa miguuni. Mwenye shida ya kutotoka jasho angebaki na mwili wa moto, ngozi kavu. Yote mawili yanaweza kuwa pamoja, sikatai.

Kwa kuwa tumegusa dawa: zipo za presha zinazoongeza mkojo, zipo zinazozuia moyo kwenda kasi, zipo dawa za zamani za mzio ambazo nazo hupunguza jasho. Mtu asiache dawa yake kwa ajili ya harusi. Amwone daktari wake kabla ya safari, amwambie anakwenda penye joto la namna gani.

#29 · Kijana wa Bwawani
Mnazunguka sana. Watu hawanywi maji, wanaanza na pombe tangu mchana. Kila mgeni apewe lita sita za maji, hakuna atakayeanguka.

#30 · Mkimbiaji wa Alfajiri
Kuhusu pombe uko sawa. Inatanua mishipa, inakukojoza zaidi, na inakufanya usitambue kwamba umezidiwa. Lakini lita sita kwa nguvu, hapana! Maji matupu mengi kwa muda mfupi yanashusha chumvi ya damu, na wakimbiaji wa masafa marefu wamekufa kwa hilo. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma na kutapika, na watu wanadhani ni kiu, wanamwongezea maji mengine. Mtu anywe kadiri ya kiu, ale chakula chenye chumvi, na wahudumu wawe na maji ya kurudisha chumvi. Kama pakiti hazipo: lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko vya kusawazisha, visiwe vya mlima.

#31 · Mgeni Mwalikwa
Sasa mmenitia wasiwasi kuhusu msimamizi. Tulimnywesha maji tu, chupa juu ya chupa.

#32 · NesiZamu
Si yupo mzima? Basi. Safari ijayo weka pakiti kwenye sanduku la huduma ya kwanza.

#33 · Dada wa Kahawa
Nikitoka nje ya mada kidogo, kwa ajili ya mdogo wako: losheni ya kujikinga na jua si visiwa vyote wanaruhusu zote. Hawaii wamezuia kuuzwa zenye oxybenzone na octinoxate tangu Januari 2021, Palau walianza 2020 na orodha yao ni ndefu zaidi, kwa ajili ya matumbawe. Zenye zinki zinakubalika. Na mbu wa dengi anauma mchana, asisahaulike kwa kuwa jua linawaka.

#34 · Bibi Arusi Mtarajiwa
Na vibali? Nimesikia kuna visiwa unafunga ndoa siku ya pili tu ukifika.

#35 · Dada wa Kahawa
Jamaica ni baada ya saa 24, mradi kibali umekiombea. Kwingine ni wiki. Anzisha uzi wake dada, huu ni wa joto.

#36 · Kipimajoto
Turudi. Mgeni, usiende na kipimajoto cha ukutani. Jeshi la Marekani miaka ya 1950 lilibuni kipimo cha mzigo wa joto kwa mwili, WBGT, baada ya makuruta kuanguka sana kwenye mafunzo, na mojawapo ya kambi zilizohusika ni Parris Island, South Carolina, kisiwa chenye joto na unyevu. Kinachukua joto la utambi uliolowa kwa asilimia 70, mpira mweusi uliowekwa juani asilimia 20, na hewa ya kawaida asilimia 10 tu. Kile mlichokitegemea ninyi kinapewa sehemu moja ya kumi! Vipo vya mkononi. Kiweke pale viti vitakapokuwa, saa ileile ya shughuli, siku moja kabla.

#37 · Mgeni Mwalikwa
Shukrani mkuu. Nimeanza kufikiria asubuhi, mara tu jua linapochomoza. Mdogo wangu hajakataa.

#38 · Kijana wa Bwawani
Asubuhi unyevu ndiyo uko juu kabisa, unafika asilimia 90. Utawaua.

#39 · Mwalimu wa Fizikia
Kijana, asilimia hiyo inapanda kwa sababu hewa imepoa, si kwa sababu mvuke umeongezeka. Tazama kiwango cha umande, yaani nyuzi ambazo hewa ikipoa hadi hapo mvuke unaanza kuwa maji. Kisiwani hicho hakibadiliki sana kati ya alfajiri na jioni. Kwa hiyo alfajiri una mvuke karibu uleule, ila hewa ina nyuzi chache na mchanga umelala usiku mzima bila jua. Asubuhi ni nafuu.

#40 · Baharia Mstaafu
Alfajiri nayo ina shwari yake, mwalimu. Upepo wa usiku unakufa, wa mchana haujaamka.

#41 · Mpiga Picha wa Jioni
Lakini mwanga wa asubuhi siukatai. Kwa upande wa mashariki ni mzuri kabisa.

#42 · Baharia Mstaafu
Mpiga Picha leo tumekutana. Mgeni, kwenye visiwa vingi vya tropiki upepo unaovuma mfululizo unatoka mashariki. Pwani ya magharibi imekingwa na milima, ndiyo maana bahari yake imetulia na mahoteli yamejaa. Barbados iko hivyo: magharibi maji yametulia, mashariki Atlantiki inapiga. Watu wanachagua magharibi ili waone jua likizama baharini, wanapata jua usoni na upepo hawapati. Nenda pwani ya mashariki, kaa joshini kunakotoka upepo, hata saa kumi jioni utapepewa, na kivuli cha mlima kitakuwa kimeanza kukufikia.

#43 · Dada Mpambaji
Mzee, joshini maua yangu na pazia vitaruka vyote. Shela la bi harusi litafika baharini kabla yake. Mimi natetea magharibi, turubai la juu, kuta wazi pande zote, na mapangaboi makubwa. Nimepamba sana fukwe, turubai lisilo na kuta linafanya kazi kuliko mnavyodhani.

#44 · Mpiga Picha wa Jioni
Turubai linanipa nyuso za kijani au njano kutegemea rangi yake. Liwe jeupe basi.

#45 · Mkimbiaji wa Alfajiri
Feni zinasaidia sana penye unyevu kama huo, Mpambaji yuko sawa. Ila hata mkihamia mashariki mkaweka mapangaboi mia, wageni waliofika jana bado ni wageni waliofika jana. Mgeni, omba watu wafike mapema kidogo na shughuli za utangulizi zifanyike nje.

#46 · Mtoto wa Kivuko
Na plasta zitolewe wakishuka chomboni. Sijasahau.

#47 · Mgeni Mwalikwa
Nimemuuliza shangazi. Plasta alikuwa nayo hadi siku ya kurudi, maana boti ilikuwa bado ya kurudi nayo. Lakini anasema aliyesimama kulia kwake naye alikuwa nayo, na hakuanguka.

#48 · NesiZamu
Wa kulia alivaa viatu gani? Na alikuwa anasogea?

#49 · Mgeni Mwalikwa
Alikuwa amebeba mtoto, anambembeleza muda wote, mguu huu na ule.

#50 · NesiZamu
Vigimbi hivyo!

#51 · Mtoto wa Kivuko
Au umri tu, dada Nesi. Huyo wa mtoto si ni kijana?

#52 · NesiZamu
Inawezekana. Mgeni, kabla hujachapisha ratiba, andika umri wa kila mzee atakayesafiri na dawa anazotumia, bila majina, unitumie kwa ujumbe wa faragha. Saa na upande wa kisiwa nawaachia Mzee Baharia na Mpiga Picha wamalizane. Viti vya mstari wa mbele sitaki mjadala, weka.